Masika ya Wale Ndugu Watatu

17 Machi

Wageni wa mwisho wameruka leo asubuhi, mume na mke, wazee wote wawili. Yule mke alilia kwenye kiwanja chetu cha ndege huku amemkumbatia Kihwele. Kila msimu kuna mtu anayelia hivyo. Kihwele ndiye mwongozaji wetu wa kwanza, na watu hushika nafasi mwaka mzima kabla ili awapeleke yeye kuona simba. Na kweli huwaona. Wakiwa wamekaa kwenye baraza la mbao, glasi mkononi, jua linashuka, madume matatu hutokea upande wa pili wa uwanda na kula mbele ya macho yao. Tunawaita Wale Ndugu. Picha yao ipo kwenye kila karatasi ya kutangaza kambi ya Nyalunga.

Magari ya wageni yamevushwa mto kabla maji hayajapanda. Tumebaki wanne hadi Juni: mimi Sekela, msimamizi wa kambi na mtu wa redio, Kihwele, ambaye masika huendesha trekta, mzee Mhapa, fundi wa kuezeka, na Chilongani, askari wa wanyamapori, anayeletwa kila masika na uongozi wa pori pamoja na bunduki yake.

19 Machi

Mvua. Mashuka na mapazia yamo kwenye masanduku ya bati, majani ya mwarobaini juu yake. Mabeseni ya shaba ya kuogea tumeyapindua.

22 Machi

Mvua. Chilongani ni Mgogo, Kihwele na mzee Mhapa ni Wahehe, watani wa jadi, hawa wakisemwa wanakula mbwa na wale wakisemwa ni ombaomba, kwa hiyo hakuna mlo unaopita kwa amani.

"Mama Sekela," Chilongani aliniambia leo, "kulikuwa na mbwa anabweka ng'ambo ya mto juzi. Leo kimya. Mwulize huyu Mhehe mbona mdomo unang'aa."

"Kula ugali wa watu unyamaze," Kihwele akamjibu. "Ungekuwa kwenu saa hizi uko stendi na kibakuli, unaimba."

"Ungenipa?"

"Ningekupa mfupa wa huyo mbwa."

Mzee Mhapa alicheka mpaka akapaliwa.

25 Machi

Mto umemeza barabara. Mpaka Mei njia ni ndege tu, na ndege haitui kwenye matuta. Tembo na viboko wanapita kiwanjani kila usiku wakiacha mashimo, na tope jeusi likikauka linakuwa jiwe. Kwa hiyo kila jua likitoka tunasawazisha kama kambi zote za pori hili zinavyofanya, maana greda haifiki huku: gogo la mninga linafungwa kamba nyuma ya trekta, na mtu mmoja anakaa juu ya gogo ili lisirukeruke. Mtu huyo ni mzee Mhapa. Anasema ndiyo kazi pekee maishani aliyoifanya amekaa.

28 Machi

Mawingu siku nyingi, sola haichaji, betri za redio zimelala. Kihwele aliwasha jenereta ili niongee na ofisi Iringa. Sijamaliza kuongea, Wale Ndugu wakawa wamekaa ukingoni mwa majani, wanatazama kibanda cha jenereta.

"Wamewakumbuka wageni, dada," Kihwele akasema.

Tukacheka wote.

31 Machi

Nimewasha jenereta tena. Wamekuja tena. Nilipoizima walikaa muda mrefu, kisha wakaondoka. Kihwele anasema simba waliozoea magari hawaogopi injini. Inawezekana. Lakini kutoogopa ni kitu kimoja, kuitika wito ni kitu kingine. Sikumwambia.

2 Aprili

Mvua.

3 Aprili

Mvua. Hema la tano linavuja.

5 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, kando ya kitanda cha mzee Mhapa.

Asubuhi jua lilitoka, tukashuka kiwanjani. Kihwele kwenye usukani, Chilongani amesimama nyuma yake ameegemea bati la juu ya tairi, bunduki mkononi, mzee Mhapa juu ya gogo amekalia gunia. Mimi nilisimama mwisho wa kiwanja na kitambaa chekundu ili Kihwele apate mstari ulionyooka. Kila walipogeuza, mzee alinipungia mkono kama mbunge.

Walikuwa wamemaliza nusu ya kiwanja. Wakageuza kurudi, na Wale Ndugu wakatoka kwenye majani nyuma ya gogo. Nimefanya kazi porini miaka kumi na moja, nimeshaona simba akiwinda. Hawa hawakunyatia, hawakulala chini. Walikuja wakichapua mwendo, vichwa chini, kama watu waliosikia chakula kiko tayari.

Nilipiga kelele. Injini ilikuwa inanguruma, hakuna aliyenisikia. Nikapunga kitambaa. Mzee akadhani ni mchezo, akanipungia na yeye.

Wa mbele alimshika paja, akaketi, akavuta nyuma. Trekta ilikuwa inavuta mbele. Mzee alikuwa ameikumbatia kamba.

Chilongani aligeuka. Hakuweza kumpiga simba bila kumpiga mzee, akapiga risasi juu. Simba akaachia. Kihwele akasimamisha trekta, akaruka chini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa kisu akakata kamba. Mzee amelala pale damu zinamtoka, na Kihwele anakata kamba! Ndipo wakambeba.

Wale simba hawakukimbia. Walirudi mpaka ukingoni mwa majani, wakakaa.

Tumemlaza kwenye hema namba moja, kitanda cha wageni. Matundu manne kwenye paja, moja linaingia kidole. Mfupa nadhani ni mzima. Tulimwosha kwa maji ya chumvi, kisha kwa pombe kali ya wageni, chupa nzima.

Chilongani alimshika mabega. "Mhehe, usife leo. Sijajiandaa. Ukifa ni mimi mtani wako wa kukuzika, nitaivaa hiyo suruali yako ya viraka nichekeshe waombolezaji."

"Imechanika," mzee akasema, meno yamekazana. "Utaonekana tako."

6 Aprili

Daktari wa Iringa ameongea nami kwenye redio. Dawa za sanduku la huduma ya kwanza nimpe zote. Mdomo wa simba ni mchafu kuliko jalala, alisema. Mzee afikishwe hospitali kabla wiki haijaisha, la sivyo ni mguu, na baada ya mguu ni yeye.

Rubani naye: "Nusu ya kiwanja inanitosha kutua, mama. Kuruka nahitaji chote."

7 Aprili

Tumejaza mchanga kwenye magunia, tukayafunga juu ya gogo. Trekta ilipowaka tu simba walikuja wote watatu. Chilongani alipiga risasi akiwa juu ya trekta inayorukaruka, akakosa. Waliyachana magunia mpaka mchanga ukaisha. Kihwele akakata kamba tena, tukarudi.

Zimebaki risasi nne. Uongozi wa pori umeruhusu kuwaua. Lakini Chilongani akienda kwa miguu kuwatafuta haoni hata unyayo mbichi. Hawaji mpaka injini iite, na hapo huja wote watatu; Chilongani hataki kumjeruhi mmoja tu kambini penye mgonjwa.

8 Aprili

Mvua. Homa imepanda. Mzee alimwita mkewe, kisha akaniomba radhi.

9 Aprili

Leo nilipofungua bandeji nilisikia harufu. Nikatoka nje, nikamkuta Kihwele amekaa ngazini.

"Kihwele, kwa nini ulikata kamba kwanza?"

"Dada, hapo mtu unajua unafanya nini?"

"Wewe ulijua. Mara mbili."

Akaanza kuongea akiangalia viatu vyake. Misimu mitatu iliyopita, kiangazi, wageni walikaa siku tano bila kuona simba. Siku ya sita alikuta mzoga wa nyati, akaufunga kamba nyuma ya gari, akauburuta mpaka mbele ya baraza. Jioni simba wakaja. Wageni walipiga makofi. Tangu hapo kila mzoga aliouona aliuburuta. Simba wakifika, anakata kamba, anaondoa gari, anawaachia; siku ile ya mzee mkono ulikata kwa mazoea.

"Na mizoga ikikosekana?"

"Nilikuwa nanunua mbuzi vijiji vya mpakani."

"Waliochinjwa?"

Akafuta tope la kiatu. "Mwanzoni."

Nilikaa. Injini, kamba, na nyuma yake kitu kinachotikisika, kina pumzi. Kwa simba wale mzee Mhapa alikuwa mbuzi, na alikuwa amechelewa kufika.

"Ofisi inajua?"

"Ofisi inajua simba wanakuja, dada. Hawajawahi kuuliza zaidi."

"Ulimwona mzee anapanda gogo kila siku."

"Nilidhani bila wageni watasahau."

Chilongani alikuwa mlangoni nyuma yetu. Sijui alisikia kuanzia wapi. Usiku huu alimpa Kihwele sahani yake ya ugali bila neno. Hakumtania. Nimeishi na watani hawa misimu mitatu, na kimya kile kilinitia hofu karibu sawa na simba.

10 Aprili

Kihwele anasema njia ipo. Tuache trekta, tulime nusu iliyobaki kwa majembe. Bila injini na bila kamba hawatatufuata.

"Nani kasema?" Chilongani akauliza.

"Mimi."

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi?"

Wote wawili wakanitazama, maana mimi ndiye msimamizi. Mpaka majuzi ningemfuata Kihwele gizani. Leo nilikuwa namwangalia mdomo, nikijiuliza nini kingine hajasema. Lakini ndani mzee alikuwa anahema kama aliyetoka kupandisha mlima. Nikachukua jembe.

Kutwa nzima tumeinama kwenye uwanda ule, majani yanatuzidi kimo pande mbili, kupe wa majani wakituingia nguoni. Nilikuwa nikipiga jembe mara mbili, nageuka kutazama nyuma. Chilongani alilima kwa mkono mmoja, bunduki mgongoni. Mchana majani yalitikisika upande wa mto. Chilongani akaangusha jembe, akashika bunduki. Walikuwa ngiri.

11 Aprili

Majembe. Mvua ya jioni imerudisha sehemu ya kazi nyuma. Mzee hataki kula.

12 Aprili

Kiwanja kimekamilika, kibaya lakini kimekamilika. Rubani anakuja kesho.

Jioni nilipokuwa namwita rubani nikakumbuka kitu. Ndege nayo ni injini.

Nilimwambia Kihwele rubani lazima ajue anatua katikati ya nini, na kwa nini. Redio za pori hili zote ziko kwenye mkondo mmoja. Jioni kambi zote zinasikiliza, walinzi wa masika wakiulizana habari za mvua na mipira. Nilikuwa tayari kueleza mwenyewe. Kihwele akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti. Alieleza yote, kamba, mizoga, mbuzi, jina lake la kwanza na la ukoo. Anajua leseni yake imeishia hapo. Alipofika kwa mzee Mhapa alirudia jina mara mbili.

Alipomaliza hakuna aliyesema kitu. Jioni nyingine zote huwa wanagombania nafasi ya kuongea. Nilidhani redio imekufa. Kisha rubani akasema, "Nimekusikia. Nitakuja."

Kihwele ana mpango. Kabla ndege haijafika atachukua trekta na gogo, aende upande wa mwisho wa uwanda, mbali na kiwanja, ili simba wamfuate yeye. Trekta yetu haina kibanda. Ni kiti tu.

"Kamba ndefu," Chilongani akamwambia. Ndilo neno la kwanza kumpa tangu juzi.

13 Aprili

Trekta iliondoka ndege ilipotuambia iko karibu. Tulikuwa mwanzoni mwa kiwanja, mzee amelala kwenye mlango wa mbao wa hema tulioung'oa tukaufanya machela. Nilisikia injini ikienda, ikienda, ikawa kama nzi. Hatukuwaona simba wakitoka. Chilongani alipanda juu ya kichuguu, akaangaza.

"Wamemfuata?"

"Namwona mmoja. Wawili. Wawili nyuma ya gogo."

"Wa tatu?"

Akashuka, akaja kusimama karibu nasi.

Ndege ilitua ikirukaruka kwenye matuta yetu, ikageuka, ikasimama, injini inawaka. Rubani akafungua mlango, akatupungia tuharakishe. Tukainua machela. Tulikuwa hatujafika nusu ya njia nilipomwona wa tatu. Alikuja upande wa pili wa ndege, anatembea tu. Akafika chini ya bawa, akalitazama, akalala kwenye kivuli chake. Hivyo ndivyo wanavyolala kwenye vivuli vya magari, na wageni huwapiga picha. Akainua kichwa akatazama nyuma ya ndege, mkiani. Alikuwa anatafuta kamba.

Chilongani hakuweza kupiga. Nyuma ya simba kulikuwa na ndege, na ndani ya ndege rubani.

"Tuendelee," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Mama, mtazame mzee, usimtazame yule. Tuendelee."

Nilimtazama mzee. Alikuwa amefumbua macho.

"Mbona mnatembea kama mmebeba mayai?" akauliza.

"Nyamaza, Mhehe," Chilongani akasema. "Leo tu, nakuomba."

Ili kuufikia mlango tulipaswa kumsogelea simba. Nilisikia harufu yake juu ya harufu ya mafuta. Niliona kope zake, nzi wakitembea juu ya kovu la pua. Machela ilikwama mlangoni. Rubani akaivuta, sisi tukasukuma, mzee akapiga ukelele, na simba akasimama. Nilijua sasa anakuja. Mkojo ulinitoka, nauandika kwa sababu ulitoka. Akatazama machela ikipotea ndani. Kisha akatazama tena mkiani.

Mlango ukafungwa. Ndege ikaondoka, na simba akaifuata akichapua mwendo, mpaka ikamshinda, ikainuka.

Tukabaki kwenye uwanda mtupu, watu wawili na simba mmoja, na hakuna injini tena. Chilongani aliinua bunduki. Risasi nne, na akimjeruhi tu hakuna pa kukimbilia. Akaishusha.

"Tusikimbie. Tutembee."

Simba alirudi akipita upande wetu. Alitupita. Hakugeuza hata shingo. Sisi bila kamba hatukuwa kitu kwake.

Kihwele alirejea alasiri, kwa miguu. Alikuwa amekata kamba trekta ikiwa mwendoni, akaendelea mpaka trekta ikazama kwenye tope, akaizima. Wale wawili walifika, wakalala pande zote mbili za trekta, yeye juu ya kiti. Walikuwa wanangoja awape. Jua lilipokuwa kali wakaondoka kutafuta kivuli. Alituambia hayo kisha akaomba maji. Chilongani akamletea kwenye kikombe chake mwenyewe.

14 Aprili

Mvua.

16 Aprili

Mvua. Trekta imebaki ilipozama. Hakuna anayeitaka.

20 Aprili

Jua la kutosha, betri zimejaa, jenereta sijaigusa. Iringa wameniita jioni. Mzee Mhapa yuko hai. Mguu umekatwa juu ya goti. Amemuulizia Chilongani, ametaka aambiwe kwamba suruali sasa atamgawia nusu. Nilirudia habari hiyo kwa sauti, Chilongani akatoka nje akasimama kwenye mvua ndogo iliyokuwa imeanza, mgongo umetugeukia. Kihwele alibaki ameketi, mikono katikati ya magoti.

Ofisi pia ilitaka kujua kama Wale Ndugu bado wapo, kwa sababu wageni wa Juni wanauliza. Nikawajibu kwamba wapo, na kwamba uongozi wa pori utakuja kuwaua, na kwamba nitaliandika hili kwa jina langu. Wakasema tutaongea. Wakakata.

Nilikuwa naelekeza mkono kuzima redio nikasikia mtu anaita, taratibu, kama anayegonga mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Alikuwa mlinzi wa kambi ya chini, siku mbili kwa miguu kutoka hapa. Sijawahi kumwona, namjua kwa sauti tu, ndiye huwa anatuliza watu wakibishana mpira.

"Nyalunga, yule kaka Kihwele yupo karibu?"

"Yupo, anakusikia."

Akashusha sauti zaidi.

"Mwulize, akikata kamba, wanachukua muda gani kuondoka? Maana na sisi huku tulikuwa tunawaburutia, na leo simba wamekaa nje toka asubuhi, na hatujawasha kitu. Wenu ni watatu. Wetu ni tisa."